Ukihama Shamba, Bima Isikatike

Wakulima wengi wahamapo hukumbuka jembe, kuku, hata mlango wa nyumba, lakini bima ya matibabu huisahau. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyoshika mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, huandikisha watu kwa kitambulisho, wala haina mpaka wa kaunti. Aliyeandikishwa Kericho haandikishwi tena Laikipia.

Hatari iko penginepo. Mfanyakazi wa shamba la chai hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwajiri ndiye apelekaye fedha. Siku aachapo kazi akalime shamba lake, makato hukoma. Zahanati itamtibu bure, maadamu ameandikishwa. Lakini kulazwa hospitalini kwataka mchango uwe umelipwa. Sasa lazima apimwe uwezo wa nyumba yake, kisha alipe mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Kwa maoni yangu, kumdai mgeni fedha za mwaka mzima, na mahindi yake hayajachipua, ni kumtwika mzigo mzito. Hata hivyo azitenge katika mshahara wake wa mwisho, kabla ya kununua mabati. Tena apige *147# kabla hajapakia vyombo, atazame kama mkewe na watoto wamo.