Mwacheni Jajuok Aseme

Daftari lililochomwa lilikuwa la kurasa 96, lile la mistari linalouzwa kila duka. Mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, na alikuwa amelijaza katuni kwa biki ya buluu. Hadithi yake ni hii: jajuok mmoja wa hapa Rongo anaajiriwa kuwa soja wa usiku sokoni. Usiku halali hata hivyo, kwa nini asilipwe? Anajua kila uchochoro, wezi wanamwogopa, na alfajiri ananawa miguu, anavaa koti, anarudi kwake kulala. Majirani wanamjua ni nani. Wanamnunulia chai. Halafu mtoto wa jirani anaugua, na ghafla kila mtu anakumbuka mlango wake ni upi.

Hadithi haikufika mwisho. Daftari lilipatikana chini ya godoro bwenini, likapelekwa kwa mlezi wa chama cha Wakristo, likaombewa, kisha likatiwa kiberiti nyuma ya jikoni. Dada yangu akaitwa shuleni kuambiwa kwamba kijana wake anacheza na mapepo. Shule siitaji. Ziko nyingi za aina hiyo, na nyumba zetu nyingi zingefanya vivyo hivyo.

Mimi nasema walichoma kitu tunachokihitaji sana. Uhuru wa msanii ni hoja nzuri, wengine wataitetea. Yangu ni nyingine: nawafikiria wazee waliouawa, na nitawafikia.

Kwanza jajuok, kwa msomaji ambaye hakukulia huku. Ni mtu anayeshikwa na hamu ya kutoka usiku wa manane, mara nyingi uchi, akakimbia kwenye maboma ya watu, akarusha changarawe juu ya mabati, akasugua mlango wako, akapotea gizani. Asubuhi mnakutana stejini Rongo, pale magari ya Kisii, Migori na Homa Bay yanapogombania abiria, na anakusalimu vizuri kabisa. Dani alitufundisha tusimchanganye na janawi, mwenye dawa za kuua. Jajuok ni usumbufu tu, alisema. Ukimtambua, mwite kwa jina lake, ataona haya. Unaweza kuyacheka mafundisho hayo, lakini tazama yalivyotulea. Tulijua kuna kiumbe cha kutisha, tulijua ni mtu, tulijua ana jina, na tulijua kesho yake huenda tukanunua omena kwake.

Sasa, kijana yeyote wa Rongo mwenye simu na bando anaifahamu hadithi ya namna hiyo. Ila ameipata Japani. Katika Demon Slayer ya Koyoharu Gotouge, katuni iliyochapishwa kuanzia 2016 hadi 2020, kijana anambeba mgongoni ndani ya sanduku dada yake aliyegeuka pepo, na kazi yake nusu nzima ni kuwashawishi watu wasimuue. Filamu yake ya 2020 ilivunja rekodi ya mapato nchini Japani. Katika Tokyo Ghoul ya Sui Ishida, iliyoanza 2011, walaji watu wanaendesha mkahawa wa kahawa mjini Tokyo, wanahudumia wateja, wanajitahidi kuishi bila kugunduliwa. Hapa Kenya wasee wanazijadili usiku kucha kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanalia dada wa yule kijana akikaribia kuuawa. Manze, nimewaona wakilia.

Waulize haohao kuhusu jajuok. Watacheka. Watasema hayo ni mambo ya ushago.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na watu watatu, na mhubiri ndiye wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyeshika kiberiti.

Hoja yake naijua, nimekulia ndani yake: ukimchora pepo, umemkaribisha. Lakini pepo hawakungoja penseli. Mwaka wa 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na nyoka wa ziwani, akatemwa akiwa na ujumbe. Dini ya Mumbo ikashuka hadi Nyanza Kusini na Gusii, na serikali ya mkoloni ikaogopa kiasi cha kuwahamisha baadhi ya viongozi wake hadi Lamu. Hakuna aliyekuwa amechora katuni. Na mhubiri afungue Injili ya Marko, sura ya 5. Pale Wagerasi, mtu aliyekaa makaburini akijikatakata kwa mawe anakutana na Yesu, na pepo aliye ndani yake anaulizwa jina. Analitaja. Anaomba anachotaka, na anasikilizwa kabla ya kutolewa. Mwisho wa kisa, yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Hakuna aliyemtia moto.

Watu wa pwani nao walikuwa na njia yao. Katika ngoma ya pepo, mtu aliyepandwa huitwa kiti, na mganga humuuliza yule aliyekalia kiti: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Dini nyingi zimeikataa ngoma hiyo, na sina haja ya kuitetea kama tiba. Ninachokiona ni mpangilio wake. Kinachotisha kinapewa nafasi ya kusema, na mgonjwa anabaki kuwa binadamu wakati wote, kiti tu ambacho mwingine amekikalia kwa muda.

Sasa tazama kinachotokea pale ambapo kitisho hakiulizwi chochote.

Mei 2008, katika wilaya ya Kisii, mwendo wa matatu usiofika saa nzima kutoka Rongo, umati uliwachoma watu 11 ukidai ni wachawi. Wanane walikuwa wanawake. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii hiyohiyo, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa kwa shutuma ileile. Na kabla Mjaluo yeyote hajatikisa kichwa kuhusu Wakisii, akumbuke Kilifi, ambako wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi, na mara nyingi chini ya shutuma ya uchawi kumelala mgogoro wa shamba. Akumbuke Usukuma, Tanzania, ambako macho mekundu ya bibi kizee yaligeuzwa ushahidi, wakati yamefanywa mekundu na moshi wa jikoni mwake. Ugonjwa huu hauna kabila.

Waliofanya hayo hawakupotoshwa na katuni. Walikuwa na hofu isiyo na sura, na hofu ya namna hiyo hutafuta sura ya kuazima. Huipata iliyo karibu na dhaifu: mjane anayeishi peke yake, asiye na kijana wa kumtetea, mwenye robo ekari ambayo mtu anaitaka. Sheria ya Uchawi tuliyoachiwa na mkoloni tangu 1925 haikuwaokoa.

Ndiyo maana nasema daftari lile lilikuwa dawa. Katika katuni, kila mhusika anaweza kupewa kiputo cha maneno juu ya kichwa chake. Umati una viputo vyake: "Mchome!" Mtoto wa dada yangu alimpa na jajuok cha kwake. Kwenye ukurasa mmoja anamwambia mkewe kwamba amechoka kusalimiwa na watu wasiomtazama usoni. Kijana wa miaka 16 aliandika hivyo kwa biki. Msomaji akishafika hapo, hawezi tena kumrushia jiwe kwa wepesi uleule. Amesikia upande wa pili.

Mtu wa pili ninayegombana naye ni msomi mwenzangu, yule wa "hizo ni imani potofu, tusizipe nafasi". Anadhani akinyamaza zitakufa. Ndugu, umenyamaza tangu ulipoingia chuo na hazijakufa. Zimebaki mikononi mwa wenye spika kubwa, wanaouza maombi ya kufichua mchawi wa ukoo. Ukikataa kuisimulia hofu ya watu wako, utasimuliwa na mwingine, na huyo hatakuwa mpole.

Wa tatu ni msanii wetu mwenyewe. Una mkono. Nimeona kurasa zako: mapanga ya Kijapani, vijana wenye nywele za rangi ya waridi, pepo wenye majina ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyatamka. Usinielewe vibaya, nazipenda hizo hadithi. Lakini huanzi kutoka sifuri. Miaka ya themanini Pichadithi ilichapa ngano za hapa kwa picha. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki 2012, alituachia Akokhan, ambamo nguvu za kale zinapigana katika dunia ya sasa. Shujaaz ilipoanza 2010, iligawiwa bure ndani ya gazeti, kwa Sheng, na vijana waliokuwa hawasomi chochote wakaisoma. Njia ipo. Kilichobaki ni wewe kukubali kwamba mtaa wako unatosha.

Na usiseme kwamba huko Japani ilikuwa rahisi. Shigeru Mizuki alikulia Sakaiminato, mji mdogo wa wavuvi. Akiwa mtoto, bibi kizee mmoja wa mtaani alimsimulia habari za viumbe wa usiku wanaoishi na watu. Alikwenda vitani, akapoteza mkono wa kushoto, akarudi, akaanza kuchora kwa ule uliobaki. Kuanzia 1960 alimchora Kitaro, mtoto wa majini anayejaribu kuwapatanisha viumbe hao na binadamu. Mwaka wa 1993 mji wake ulianza kusimamisha sanamu za shaba za viumbe wake barabarani. Leo zimepita 100, na watu wanapanda treni kwenda kupiga nazo picha. Yule bibi kizee ndiye chanzo cha yote. Sisi tulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisikiliza hadithi. Mzee wa namna hiyo Sakaiminato imemfanya chanzo cha utajiri. Kwetu, akizeeka peke yake, tunaanza kuuliza kwa nini hafi.

Najua swali linalokuja, nalo ni la haki. Je, kumchora jajuok si kuithibitisha imani iliyoua watu? Inaweza kuwa hivyo. Ukimchora bibi mwenye macho mekundu akicheka juu ya chungu, bila jina, bila historia, umetengeneza bango la kuwindia watu, na mimi mwenyewe nitakupinga. Kwa hiyo nina sharti. Kabla hujachapisha ukurasa wowote, hesabu viputo. Nani anasema na nani anasemwa tu? Ukiona kiumbe wako hana hata neno moja lake, rudi mezani. Sharti hilo halikumshinda kijana wa kidato cha pili, sembuse wewe mwenye tableti.

Na kama unadhani naleta mawazo ya kigeni, panda gari hadi Kendu Bay ulione ziwa Simbi Nyaima. Hadithi yake kila mtoto wa huku ameisikia. Bibi kizee mgeni alifika kijijini wakati wa sherehe, akafukuzwa kwa sababu ya sura yake na uzee wake. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Usiku ule maji yakakimeza kijiji na wote waliokuwa wakicheza, akaokoka yule aliyefungua mlango. Wahenga wetu waliulizwa swali la kuishi na anayetisha, na jibu lao wameliacha pale, limejaa maji, karibu na barabara. Hawakusema bibi yule hakuwa na nguvu. Walisema aliyemfukuza ndiye aliyeangamia.

Kwa hiyo mzazi, ukikuta daftari chini ya godoro, lisome kabla ya kutafuta kiberiti. Mwalimu, uliza mchoraji hadithi inaishaje. Msanii, njoo Rongo siku ya soko, kaa karibu na wanaouza miwa, sikiliza. Utapata wahusika wa vitabu kumi.

Mtoto wa dada yangu nimemnunulia daftari jingine. Ameanza upya, na safari hii amefika mahali ambapo moto ulimkatiza: umati uko mlangoni, jajuok yuko ndani na mkewe, jirani mwenye mtoto mgonjwa amesimama mbele ya wote. Juzi aliniambia, "Nera, kiputo cha jirani bado kiko wazi. Sijui atasema nini."

Nikamwambia asiharakishe. Hata sisi wakubwa bado hatujajua.