Kamera ya Getini Ipewe Waya

Mtandao wa nyumbani ukianza kusuasua, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni inayouza intaneti. Simu hupigwa, kifurushi hupandishwa kutoka megabiti 20 hadi 40 kwa sekunde, na bado kikao cha video kinakatika katikati ya sentensi. Kampuni hizo zina makosa yao, tena si machache. Lakini katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ambazo siku hizi zina kamera nne ukutani, televisheni mbili na simu kwa kila mkazi, tatizo mara nyingi haliko kwenye nyaya za barabarani. Liko hewani, baina ya ruta na kamera, na hakuna kifurushi kinacholitibu. Kamera hizo zitolewe kwenye Wi-Fi.

Wi-Fi hutumiwa kwa zamu. Kwenye chaneli moja kifaa kimoja huongea, vingine husubiri, kama wazee barazani. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa hizo tatu ni za majirani wote. Simu huchukua zamu yake ukurasa ufunguke, kisha ikanyamaza. Kamera inayorekodi mfululizo hainyamazi. Ile ya 1080p huhitaji takriban megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, usiku na mchana. Kiasi hicho huonekana kidogo mpaka utazame ilipofungwa: juu ya nguzo ya geti, mita 20 kutoka sebuleni iliko ruta, na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji na dirisha lenye nondo. Mawimbi yakidhoofika, kamera hulazimika kuongea polepole ili isikike. Kasi hiyo ikishuka hadi megabiti 6 kwa sekunde, video ya megabiti 2 tu inakula zaidi ya theluthi ya muda wa chaneli, mbali na yale yanayorudiwa kwa kutofika. Kamera tatu za namna hiyo zinaijaza chaneli yote, hata kama umelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote mtaani.

Zile zinazohifadhi picha kwenye seva za mbali zina tatizo la pili. Kamera moja ya megabiti 2 ikipakia bila kupumzika hutoa gigabaiti 21.6 kwa siku, karibu 650 kwa mwezi. Foleni ya kupakia ikijaa, hata kupakua hukwama, kwa sababu kila kinachopokelewa huhitaji jibu dogo la kuthibitisha, na jibu hilo limo kwenye foleni ileile. Ni kweli kwamba kamera nyingi hupakia pale tu zinapoona kitu kinasogea. Lakini mbele ya geti linalotazama kijiwe cha bodaboda, ni lini hakuna kinachosogea?

Muuza vifaa atasema nunua ruta mpya ya Wi-Fi 6. Ruta hiyo inaweza kuhudumia vifaa kadhaa katika zamu moja, ila vile vinavyoielewa teknolojia hiyo tu. Kamera ya zamani itaendelea na mtindo wake wa zamani. Vile vidude vya kuongeza mawimbi navyo, vingi hurusha kila ujumbe hewani mara mbili, yaani vinaongeza msongamano uleule.

Pingamizi zito dhidi ya kuvuta waya ni la gharama. Hapa watu husahau kwamba kamera inayouzwa kama isiyo na waya mara nyingi bado huvutiwa waya wa umeme. Waya mmoja wa mtandao hubeba data na umeme pamoja hadi mita 100, ukitokea kwenye swichi inayopitisha umeme kwenye waya huo, na picha zikabaki kwenye mashine ya kurekodi iliyofichwa ndani. Mwizi mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi hana cha kuvuruga. Anayehofia mashine yenyewe kuibiwa, atume nje vipande vya tukio tu. Nenosiri la kiwandani libadilishwe kwa vyovyote: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu kupitia manenosiri hayo, na waya haukuzikinga.

Kamera za betri na sola, zinazolala mpaka ziamshwe, hazina shida kubwa. Zibaki kwenye Wi-Fi. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kurekodi kwenye memori kadi, kupunguza ubora wa picha, kuunganisha televisheni kwa waya, na kuhamishia simu gigahezi 5. Anayejenga hana kisingizio hicho. Fundi umeme anapozika mabomba ya nyaya za taa, azike na la kwenda getini na kila kona ya paa kabla ya plasta kupigwa, na ramani ya nyumba ionyeshe ruta itakaa wapi.