Kiseke Itengewe Njia ya Mchakamchaka Kabla Viwanja Havijaisha

Kama kuna jambo ambalo sisi wakazi wa Kiseke, jijini Mwanza, tunapaswa kulidai kwa sauti moja, ni njia ya kukimbilia na kutembelea kwa miguu, iliyo mbali na magari, ipite kwenye vichaka vya vilima vyetu na kando ya makorongo yanayoteremsha maji kuelekea ziwani. Nasema njia ya udongo, upana wa mita tatu, yenye kivuli. Mtoto wa shule aipite, kijana wa kikundi aipite, na bibi mwenye shinikizo la damu naye aipite alfajiri bila kugeuka nyuma kila mara kutazama kama kuna bodaboda.

Gharama ya kuikosa njia hiyo tunaijua. Jumamosi moja ya Julai 2023, asubuhi na mapema, kundi la wenzetu waliokuwa kwenye mchakamchaka hapa katika manispaa yetu ya Ilemela liliparamiwa na gari barabarani, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Walitoka nyumbani kutafuta afya, wakarudishwa wakiwa maiti. Tulilia, tukazika, tukaanua matanga. Na wakimbiaji wako wapi leo? Wako kwenye lami, kwa kuwa hatukuwapa mahali pengine pa kwenda.

Simama alfajiri kwenye barabara inayotoka Sabasaba kupitia Kiseke kwenda Buswelu uwatazame. Vijana wamevaa fulana za rangi moja, mwimbishaji yuko mbele, wenzake wanaitikia kwa kishindo. Nyuma yao kina mama wawili wa makamo wanatembea kwa haraka, kanga zimekazwa kiunoni, maana daktari amewaambia sukari haishuki kwa dawa peke yake. Hiace inapiga honi. Wote wanarukia pembeni, mmoja anatumbukiza mguu mtaroni, anauchomoa, anaendelea. Hayo ndiyo mazoezi yetu.

Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania waifanye Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani nalo linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Wananchi wameitikia. Mtu aliyehimizwa akaitikia ana haki ya kuuliza afanyie wapi.

Na mahali tunapo, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniuma. Acha lami, panda kilima chochote kati ya hivi vinavyotuzunguka, na baada ya dakika kumi umeingia nchi nyingine. Mawe makubwa yamebebana, mikuyu imepenyeza mizizi kwenye nyufa zake kana kwamba inakunywa kutoka ndani ya jiwe. Pimbi wametoka kuota jua. Juu ya jiwe tambarare yuko dume la mjusi mwenye kichwa na kifua vyekundu na mwili wa buluu, anapiga pushapu kumtisha mwenzake; wataalamu wa viumbe walimpa jina la mji wetu, Agama mwanzae, na watoto wetu wanampiga mawe pasipo kujua kwamba ana jina la nyumbani kwao. Chini ya kiatu kuna mchanga mwepesi uliomomonyoka kutoka kwenye mawe hayohayo. Wazee wa Kisukuma huuita luseni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unapitika, na magoti hayalalamiki kama yanavyolalamika juu ya lami. Ukishuka bondeni unakuta mbuga, udongo mweusi unaonata mpaka kiatu kikawa kizito kama tofali. Mkulima yeyote wa hapa angekuonyesha njia ipite wapi: ishike luseni ubavuni mwa kilima, iteremke karibu na korongo pale tu ambapo ardhi ni ngumu, na ivuke maji kwa daraja dogo la mbao au mawe. Daraja hilo si anasa. Kichocho kipo katika maji yetu, kinabebwa na konokono wa maji yaliyotulia, na mkimbiaji asiye na daraja atavuka kwa miguu mitupu.

Lakini kila mwaka kilima kinapungua. Upande mmoja nyumba zinapanda, upande mwingine nyundo za kokoto zinagonga tangu asubuhi. Simlaumu mama anayeponda kokoto. Ana watoto wa kulisha, na nyumba zetu sisi tunaolalamika zimesimama juu ya kokoto zake. Lawama yangu inaelekea kwetu sote tuliokaa kimya wakati ardhi inagawanywa. Makorongo ndiyo yanayoonewa zaidi. Watu wanajenga mpaka ukingoni, kisha wanatupa taka humo, kisha mvua za masika zikiingia sebuleni wanaita waandishi wa habari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufuko wa ziwa. Ukanda huo ukiachwa mtupu utavamiwa, maana ardhi isiyo na mtu machoni petu ni ardhi isiyo na mwenyewe. Ukipitiwa kila asubuhi na mamia ya miguu, utakuwa na walinzi wasiolipwa mshahara. Kwa hiyo njia ya mchakamchaka ni namna nafuu kuliko zote ya kuitekeleza sheria ambayo tayari tunayo.

Wala tusidhani kutenga ardhi kwa faida ya wote ni fikra ngeni. Wasukuma walikuwa na ngitili zamani za kale: eneo la nyasi na miti linafungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho kiangazi, na anayevunja mwiko anajibu mbele ya baraza la jadi, dagashida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, nchi ile ilikuwa imekatwa miti mpaka ikawa kipara. Kilichoirudisha hai ni wananchi kufufua ngitili zao, miti ikarejea kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Waliofanya hivyo ni ndugu zetu wa damu, mwendo wa saa chache kwa basi. Hawakuwa na utajiri kutuzidi.

Najua pingamizi linalokuja: huko vichakani kuna vibaka, nani atampeleka binti yake akimbie humo? Pingamizi hili ni la kweli, wala nisingependa mtu alipuuze. Mwanamke ndiye hulipa kwanza gharama ya njia isiyo salama. Tazameni basi Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi. Vigogo walikwisha kujigawia viwanja humo. Tarehe 8 Januari 1999, mwanamazingira Profesa Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda miti kupinga unyang'anyi huo, akapigwa na walinzi mpaka damu ikamtoka kichwani. Msitu ukaokoka kugawanywa, lakini kwa miaka kumi hivi ukabaki mahali pa kuogopwa, pa wizi na mauaji. Mtu mwenye akili hakuingia peke yake. Kisha wakazi wa jirani wakaungana na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), wakazungushia uzio, wakaweka malango yenye kiingilio, wakawaajiri vijana wa mitaa inayouzunguka kuwa walinzi. Leo wanawake wanakimbia humo peke yao, kando ya mto, mpaka kwenye maporomoko na mapango. Miti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba vijana ambao wangeitwa vibaka walipewa kazi ya kuulinda, na msitu ukapata watu wa kuupita saa zote za mchana. Kiseke haihitaji uzio wa umeme wala hekta elfu. Inahitaji vijana wachache wenye filimbi na posho kutoka mfuko wa mtaa, kwa zamu za alfajiri na jioni.

Wengine watasema tuanze na maji ya bomba na zahanati. Njia ya udongo hainyang'anyi bomba hata senti moja. Kitu pekee inachokula ni ardhi, na ardhi ndiyo itakayokwisha kwanza.

Hapa ndipo penye haraka. Katika zoezi la urasimishaji wa makazi, wananchi wa Ilemela wamekuwa wakikaa na wapima ardhi na kukubaliana nani aachie mita ngapi barabara ipite. Nimeona jirani akivunja ukuta wake mwenyewe kwa hiari ili gari la wagonjwa lipate kuingia mtaani. Moyo huo upo. Lakini bikoni ikishachimbiwa na hati ikishatoka, kuichora upya njia ya miguu ni kesi, fidia na uadui wa miaka. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Basi enyi viongozi wa vikundi vya mazoezi, mnaoweza kukusanya watu hamsini kabla ya jua kuchomoza: wapelekeni watu haohao kwenye mkutano wa mtaa, wakiwa na fulana zao. Ombeni ramani ya mipango miji itandikwe mezani. Ulizeni mita 60 za korongo ziko wapi, na eneo la wazi lililochorwa kwa rangi ya kijani limejengwa nini. Mtakapokwisha kujibiwa, ombeni mstari mmoja uchorwe kutoka vilimani mpaka karibu na ziwa, na uandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba ni njia ya waenda kwa miguu. Nanyi waheshimiwa madiwani, huo muhtasari ukifika halmashauri, msiuache kwenye faili. Na wewe ambaye uzio wako umekwisha kuingia ukingoni, rudi nyuma mita chache kabla mpima hajafika.