Origi ana sifa, lakini hesabu ni za Shaqiri

Anzisha ubishi wa washambuliaji wa akiba kwenye kibanda chochote cha kuonyeshea mpira, iwe Nairobi au Dar es Salaam, na jina la kwanza kutajwa litakuwa Divock Origi. Haishangazi. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars, na ndugu wa baba yake, Austin Oduor, ndiye nahodha wa Gor Mahia iliyobeba Kombe la Mandela 1987. Jamaa ni wa nyumbani, hata kama alizaliwa na kuichezea Ubelgiji.

Halafu kuna mabao yenyewe. Mawili dhidi ya Barcelona pale Anfield, Mei 2019, Liverpool ikipindua kipigo cha 3-0 kwa kushinda 4-0. Jingine dakika ya 87 kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham, akitokea benchi. Kwa usiku ule wa Anfield peke yake anastahili kunywa soda ya bure popote walipo mashabiki wa Liverpool.

Lakini ligi haishindwi kwa usiku mmoja. Msimu huohuo wa 2018/19 Liverpool ilimaliza na pointi 97, Manchester City 98. Mohamed Salah na Sadio Mané walipachika mabao 22 kila mmoja kwenye ligi, Roberto Firmino 12. Hapo mbele hakuna wa kulaumiwa. Wa kupimwa ni waliokuwa nyuma yao: Origi, Xherdan Shaqiri na Daniel Sturridge.

Kwa mabao ya ligi, Shaqiri alifunga sita, Origi matatu, Sturridge mawili. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Bao la nne kwenye ushindi wa 4-0, kama lile la Sturridge dhidi ya West Ham, ni zuri kwa picha tu. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni pointi ambazo timu isingezipata bila mchezaji huyo.

Kwa kipimo hicho, Sturridge ana pointi moja, ile ya shuti la mbali dakika ya 89 dhidi ya Chelsea lililoleta sare ya 1-1. Origi ana nne. Mbili za Everton, dakika ya 96, baada ya kipa Jordan Pickford kuuparaza mpira na kumwachia kichwani. Mbili za Newcastle, dakika ya 86, alipoingia kuchukua nafasi ya Salah aliyeumia. Bahati ya Everton? Ndiyo, lakini straika asiyefuata mpira haipati bahati ya namna hiyo.

Shaqiri naye aliingia dhidi ya Manchester United matokeo yakiwa 1-1, akafunga mawili, Jose Mourinho akafukuzwa kazi siku mbili baadaye. Mabao yake mengine manne yalikuja Liverpool ikiwa tayari inaongoza. Kwa hiyo mbili tu? Subiri kwanza. Pasi iliyompa Salah bao pekee dhidi ya Huddersfield ilikuwa ya Shaqiri. Frikiki aliyoipiga kichwa Origi kule Newcastle ilichongwa na Shaqiri. Hata kwa Barcelona, krosi ya bao la pili la Georginio Wijnaldum ilitoka mguuni kwake. Yaani sehemu ya sifa za Origi imeandikwa na mguu wa kushoto wa Shaqiri, na watu wameshamsahau.

Cha kusikitisha ni kwamba Jürgen Klopp alipunguza kumtumia tangu mwaka ulipogeuka, na ni wakati huohuo ubingwa ulipoanza kuponyoka. Februari 24, Old Trafford, Firmino aliumia kipindi cha kwanza, akaingia Sturridge. Ikaisha 0-0. Machi 3, Goodison Park, Origi alianza kushoto, akatolewa kipindi cha pili. Ikaisha 0-0 tena. Pointi nne zimekwenda ndani ya siku nane, na Origi huyohuyo wa dakika ya 96 hakuwa na jibu.

Sasa tazama upande wa pili. Machi 2, siku moja kabla ya Goodison, City ilikuwa Bournemouth na mambo yalikuwa magumu vilevile. Kevin De Bruyne akaumia kabla ya mapumziko, Riyad Mahrez akanyanyuka benchi. Dakika ya 55 akafunga bao moja, mechi ikaisha 1-0. Hakuna aliyemtungia wimbo kwa bao lile. City iliondoka na pointi tatu, Liverpool kesho yake ikapata moja.