Ukiokota Sarafu Mtoni, Umpelekee Nani?

Nilipozuru shule moja ya upili huko Makueni, mwanafunzi aliniuliza kwa nini asichukue kifaa cha kutambua metali akapekue mito yao, ilhali wakati wa kiangazi mchanga huwa mkavu na malori huuzoa mchana kutwa. Kumjibu kwamba utafutaji wa vitu vya kale unahitaji leseni ni kweli, lakini jibu hilo halimfunzi mtoto chochote.

Mchanga una uzito wa takriban mara mbili na nusu ya maji. Risasi mara 11, dhahabu safi mara 19. Mafuriko yanapoutikisa mchanga, vitu vizito huzama hadi vikutane na mwamba au udongo mgumu, na aghalabu hukusanyika pale mkondo unapopungua nguvu, kama vile upande wa ndani wa kona ya mto. Hivyo basi, sarafu iliyookotwa leo chini ya daraja huenda iliangukia mbali sana huko juu. Matope ni jambo jingine. Yale mazito, yasiyopenya hewa, hukishika kitu palepale na kukihifadhi kwa karne nyingi.

Waingereza wanalijua hilo. Katika Mto Thames, jijini London, maji hupwa na kujaa kwa kiasi cha hadi mita 7, na yakipwa huacha wazi fuko la matope na changarawe. Ni mto huohuo uliotoa Ngao ya Battersea mwaka 1857, kazi ya mafundi waliotangulia utawala wa Warumi. Siku hizi hapekui mtu pale bila kibali cha mamlaka ya bandari, na kitu chenye umri unaozidi miaka 300 sharti kiripotiwe.

Wapo wanaodai kwamba mto umekwisha kuvuruga kila kitu, hivyo mpekuzi haharibu ushahidi wowote. Kuhusu mchanga nawaunga mkono, ingawa shingo upande. Kuhusu matope, la! Sarafu ya Yongle, mfalme wa China, iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013 ilikuwa kipande kidogo cha shaba. Iliyowasisimua wataalamu ni kule kujulikana ilikotoka. Ingeuzwa kimyakimya, ingekuwa pambo tu.

Sheria yetu ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aarifu Makavazi ya Kitaifa. Vyema. Lakini Uingereza, tangu 1997, imekuwa ikiweka maofisa mikoani wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia. Sisi tumemwachia mchimba mchanga wajibu bila kumwonyesha mlango wa kubisha.

Yule kijana aliniuliza tena: "Na nikiokota, nimpelekee nani?" Nikamtajia Nairobi. Akaniuliza nauli ni pesa ngapi.