Usitume pesa ya dawa tu, uliza kama zimemezwa

Vijana wa Gakindu tunaofanya kazi Nairobi tuna desturi moja. Mwisho wa mwezi tunamtumia shosho pesa ya dawa ya presha kwa M-Pesa, halafu tunajiona tumemaliza kazi. Bado.

Majuzi nilimpata shosho wangu na pakiti mbili za amlodipini hazijaguswa. "Nilipimwa presha ikawa sawa, nikaacha," akaniambia. Tena miguu ilikuwa imefura, na jirani akamwambia ni dawa inayomuua.

Sikiza. Presha ilikuwa sawa kwa sababu ya dawa. Ukiacha, inapanda tena kimyakimya, bila kuuma, na ndipo kiharusi hutokea. Kufura vifundo vya miguu nako kunajulikana, kwa kuwa dawa hii hulegeza mishipa ya damu. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Jirani hawezi.

Kwa hivyo ukipiga simu, uliza: cucu, umemeza leo? Amlodipini humezwa mara moja kwa siku, saa ile ile. Akisahau, asimeze mbili kesho yake. Asimgawie mtu. Na kama amepewa nifedipini ya kufanya kazi polepole, asiivunje wala kuisaga, maana dawa yote itaingia mwilini kwa mpigo na presha ishuke ghafla.

Shosho alirudi kliniki, sasa anameza tena. Mimi nami nimeanza kupiga simu.