Ulingo si wa Siasa Peke Yake

Kila mwaka wageni kutoka ng'ambo hufunga safari hadi Ziwa Turkana, lile ziwa kubwa lililozungukwa na jangwa, kwa nia ya kuangalia ndege tu. Huja na darubini, vitabu vya picha na daftari za kuandikia majina. Huwatazama heroe, mwari, na ndege wadogo wa ufukoni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, kisha hurejea kwao wameridhika. Wananchi wengi huwacheka. Mtu mzima na akili zake, alipe nauli ya ndege aje kutazama ndege!

Kicheko hicho hakifai, na hakifai zaidi kikitoka kinywani mwa mtu wa Mwingi. Kuangalia ndege ni kazi ya kale katika nchi kavu ya Ukambani, na lugha yetu ya Kiswahili ina ushahidi wake. Tunacho kitenzi kuamia, yaani kulinda nafaka isiliwe na ndege. Tunalo pia neno ulingo, lile jukwaa la miti lililojengwa shambani, ambapo mlinzi aliketi na kombeo lake tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Siku hizi ukitaja ulingo, kijana hufikiria siasa au ndondi. Shamba lenyewe limesahauliwa.

Mtoto aliyelelewa juu ya ulingo alikuwa mwanachuo wa ndege. Alimjua yupi anakula nafaka na yupi anakula viwavi, yupi huja peke yake na yupi huja na jeshi zima. Alijua kundi hunywa maji wapi na hulala miti gani. Hakuwa na darubini wala kitabu, lakini hakuthubutu kukosea, kwa maana adhabu ya kukosea ilikuwa njaa ya nyumba nzima.

Ndugu msomaji, njaa hiyo haijatuhama. Kila ukame ukipiga, wataalamu huwashauri wakulima wa Mwingi wapunguze mahindi na wapande mtama na mawele, mimea inayovumilia mvua haba. Ushauri huo ni wa haki. Lakini hindi limevikwa maganda, na suke la mtama liko uchi. Kwelea kwelea mmoja, ndege mdogo asiyejaza kiganja, aweza kumaliza gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni 1 basi hula tani 10 kabla ya jua kutua. Nani atauamia mtama huo? Watoto wako shuleni, na hapo ndipo mahali pao, hasa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003. Vijana wako Nairobi na Mombasa. Mkulima akipiga hesabu hurudia mahindi yake, na mvua ikigoma hukosa yote mawili.

Wako watakaosema: dawa ipo, ndege wanyunyiziwe sumu. Ni kweli hufanyika. Mwezi wa Januari 2023 makundi ya kwelea kwelea yalipovamia mashamba ya mpunga huko Kisumu, serikali iliwanyunyizia dawa iitwayo fenthioni. Lakini sumu haichagui. Humwua kwelea kwelea, na humdhuru pia mwewe na bundi wanaomla kwelea kwelea huyo, pamoja na mtu anayeokota ndege walioanguka akawafanya kitoweo. Tena mwenye kunyunyiza hawezi kufanya kazi yake mpaka aonyeshwe mahali kundi linapolala. Hata sumu yahitaji jicho la mtu anayewajua ndege.

Asidhani mtu kwamba maarifa ya wazee ni hadithi za kupitishia jioni. Mwaka 1989 mtaalamu Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao juu ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya na yule ndege aonyeshaye asali. Waliona kwamba katika mahali pasipozoeleka, mrina asali asiye na ndege wa kumwongoza alitafuta mzinga mmoja kwa muda wa saa 8.9 kwa wastani. Aliyeongozwa na ndege alitumia saa 3.2. Mambo waliyoyajua wafugaji tangu zamani yakathibitishwa kwa saa na daftari. Je, Wakamba, waliosifika kwa ufugaji wa nyuki, wamekosa ya kueleza?

Kwa maoni yangu, mambo mawili yafanywe. Kwanza, shule za Mwingi ziwe na saa ya ndege. Hakuna haja ya kwenda Turkana. Bwawa la Kiambere, lililojengwa katika Mto Tana na kukamilika mwaka 1988, limetandaza ziwa zima katika nchi kavu mpakani mwa Mwingi. Na asiyeweza kufika huko anaweza kuketi kando ya bwawa la kijiji. Watoto waandike jina la kila nyunyi kwa Kikamba na kwa Kiswahili, nao wazee waitwe kusahihisha kabla hawajaondoka na majina hayo. Pili, katika majuma yale machache mtama unapokomaa, kaunti iwalipe watu wazima waamie mashamba na kutoa habari mapema kundi linapoanza kukusanyika. Tukiweza kulipia chakula cha msaada baada ya njaa, tunaweza kulipia macho kabla ya njaa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, na darubini yake i shingoni. Mwenyeji naye apande ulingoni.